Nimewatoa watoto shule niwafundishe mwenyewe, na ikifika saa nne asubuhi tunalia wote

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Fort Worth, Texas, mwaka wa sita sasa. Nina watoto watatu: wa kike ana miaka saba, wa kiume mitano, na mdogo ana mwaka na nusu. Januari nilimtoa mkubwa shule, nikaamua kuwafundisha nyumbani yeye na mdogo wake anayemfuata. Nilinunua maboksi ya vitabu ya dola 400 kwa kadi ya mkopo, nikabandika ratiba ukutani, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, hata kengele ninayo. Ikifika saa nne mdogo keshachana daftari, wa kati yuko chini ya meza, mkubwa analia na mimi nalia. Mume wangu anaendesha trela, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Akiingia anaangalia sinki lililojaa vyombo, kisha anauliza, "Wiki hii wamejifunza nini?" Ijumaa na Jumamosi usiku mimi nina zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mama yangu yuko Morogoro, kila akipiga simu anasema wajukuu zake wamekuwa wazungu, hawajui hata kusalimia. Na kuna dada kanisani kaniambia naweza kukamatwa. Masaa mangapi yanatosha? Huyu mdogo nimfanyeje? Au nimeshawaharibia watoto? — Mama Watatu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote, hiyo kengele iondoe.

Nakwambia hivyo mimi niliyekuwa mtu wa kengele. Nilifundisha darasa la kwanza Tanga miaka 11 kabla sijaja Marekani, na huku Houston nimewasomesha wanangu wanne kwenye meza ya jikoni. Mkubwa sasa ana leseni ya udereva, na kitindamimba yuko darasa la nne. Kengele ya shule ina kazi yake. Inawatoa watoto mia kadhaa uwanjani kwa mpigo mmoja bila mwalimu kukaukwa na sauti. Wewe una wanafunzi wawili, na wote unaweza kuwagusa bila kuinuka kitini. Unampigia nani?

Nikupe hesabu niliyoifanya tangu nikiwa Tanga na ambayo haijanitoka kichwani. Kipindi chetu cha darasa la kwanza kilikuwa dakika 30. Toa tano za kuingia na kusalimiana, toa tano nyingine za kugawa madaftari na kuamua kesi ya penseli iliyoibiwa. Zinabaki 20. Nilikuwa na watoto 80. Kila mmoja anapata sekunde 15 za kunisomea, na siku nyingi hata hizo hakuzipata. Sasa mkalishe binti yako pembeni yako kwenye kochi akusomee dakika kumi. Kwa kipimo cha darasa langu hizo ni zamu 40. Anachokipata kwako kabla chai yako haijapoa, mwanafunzi wangu alikingoja wiki nane.

Kwa hiyo mwenye miaka mitano umfundishe nusu saa kwa siku, ikizidi sana dakika 40, tena iliyokatwa vipande vitatu. Mwenye miaka saba, saa moja na robo. Basi. Muda uliobaki ni wa kucheza, kusomewa hadithi, kutumwa, kugombana na kupatana, na kukaa tu bila la kufanya mpaka achoke kukaa na abuni mchezo wake. Najua utaona ni kidogo na utaona aibu, kama mtu aliyeomba ruhusa kazini halafu akakutwa amelala. Hiyo aibu itakuisha ukishamwona anasoma.

Hayo maboksi ya dola 400 yametengenezwa kwa mtu anayetaka kujaza siku nzima. Kitabu cha hesabu kibakishe mezani, na hadithi zibakishe kwenye rafu. Mengine yaweke chini ya kitanda, na ambayo hujayafungua uliza kama wanakubali kurudishiwa. Ukurasa wa kupaka rangi herufi B mara kumi na mbili hauna faida yoyote kwa mtoto ambaye keshaijua B. Umewekwa pale ili mwalimu wa darasa apate pumzi. Wewe pumzi yako utaitafuta kwingine, nitafika huko.

Kwanza la kukamatwa, maana mtu mwenye hofu hafundishi. Huyo dada wa kanisani labda ametoka jimbo jingine au amechanganya mambo. Hapo Texas suala hili lilishaamuliwa mahakamani, na kesi yenyewe ilianzia hapo hapo kwenu, kaunti ya Tarrant. Familia ya Leeper na wenzao walifungua kesi mwaka 1985, na miongoni mwa walioshitakiwa zilikuwemo shule za Arlington, majirani zenu. Mahakama ya Juu ya Texas ikamaliza ubishi mwaka 1994: nyumba inayosomesha watoto kwa dhati inahesabiwa kama shule binafsi. Unachotakiwa ni kuwa na mtaala unaoonekana, uwe wa vitabu au wa kwenye kompyuta, unaogusa mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hakuna mtihani wa serikali, hakuna kusajili, hakuna idadi ya saa wala siku uliyowekewa. Cheti cha ualimu pia huhitaji.

Ila kuna jambo moja linalonipa wasiwasi kwenye barua yako. Unasema "nilimtoa mkubwa shule". Ulimtoaje? Uliandika barua, au uliacha tu kumpeleka? Kama uliacha tu, kwenye daftari la shule binti yako ni mtoro tangu Januari, na hapo ndipo watu wanapogongewa mlango. Andika barua fupi: jina lake, darasa lake, tarehe, na kwamba kuanzia siku hiyo anasomeshwa nyumbani. Weka sahihi, ipeleke, ubaki na nakala yenye tarehe. Shule inaweza kukuomba uthibitishe kwa maandishi kwamba una mtaala wa yale masomo matano. Andika, haina ubaya. Huyu wa miaka mitano sheria haijamfikia bado, kwa sababu lazima ya shule humkuta mtoto aliyetimiza miaka sita ifikapo tarehe 1 Septemba. Isipokuwa kama mwaka huu ulikuwa umeshamwandikisha chekechea. Akishaandikishwa anatakiwa kuhudhuria, hivyo naye mwandikie barua yake. Na mkija kuhama, msidhani sheria mnahama nayo. New York, kwa mfano, hutaka taarifa rasmi, mpango wa masomo na ripoti kila robo mwaka. Mkirudi nyumbani Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule.

Sasa tuje kwa huyu mwenye mwaka na nusu, maana ndiye mkuu wa shule yako hata kama hujampa cheo.

Kosa tunalofanya wote ni kumwacha mdogo awe wa mwisho. Tunawapanga wakubwa, tunafungua vitabu, halafu tunategemea yeye ajishughulishe. Yeye anachoona ni kwamba kuna kitu kizuri mezani, mama amekiinamia, na hajaalikwa. Kuchana daftari ni njia yake ya kubisha hodi. Mgeuzie utaratibu. Asubuhi, kabla hujagusa kitabu chochote, mpe yeye dakika 15 zake kamili. Mpakate, mwimbie, mpekulie kitabu cha picha, simu iwe chumbani. Akishashiba, atashuka mwenyewe kwenda kutafuta la kwake. Hapo una dakika 20. Zitumie.

Na la kwake liwe limeshaandaliwa. Kwangu kilikuwa ni beseni juu ya taulo kuukuu, sakafuni, miguuni pangu kabisa, si chumba kingine. Maji kimo cha vidole viwili tu, vikombe vitatu vya plastiki, mwiko, na kifuniko cha sufuria. Anachota, anamwaga, anakoroga, anagonga. Kelele ndiyo, kulowana ndiyo. Lakini nilimaliza somo zima la kutoa kwa kukopa na mtoto wa pili huku wa nne "akipika pilau" kwenye beseni. Ukiinuka kwenda chooni, beseni linainuka na wewe, mtoto mdogo haachwi na maji hata kidogo. Na utashauriwa umpe sinia la maharage achezee: usimpe. Mwanangu wa tatu, akiwa na miaka miwili, alijisukumia haragwe puani wakati namfundisha kaka yake kujumlisha. Haragwe likapata unyevu, likavimba. Tulikaa chumba cha dharura tangu mchana mpaka giza likaingia, na bili ikaja mwezi uliofuata. Maharage ni ya wakubwa kuhesabia, na hesabu hiyo ifanyike mdogo akiwa amelala.

Huo usingizi wa mchana ndio dhahabu yako. Usiutumie kuosha vyombo. Dakika 30 za mwanzo ni za binti yako kukusomea, kwa sababu kusoma ndiko kunakohitaji ukimya. Baada ya hapo, wakubwa wanalala au wanatazama vitabu kitandani, na wewe unakaa. Narudia, unakaa. Chai, viatu miguuni hakuna. Hiyo ndiyo pumzi niliyokuahidi. Vyombo vitaoshwa na watu wote saa kumi jioni.

Ratiba yako ya ukutani ina kosa ambalo si la kielimu hata kidogo: haijui kwamba unafanya kazi usiku. Umeandika Jumatatu hadi Ijumaa kama afisa wa serikali, wakati Jumatatu wewe ni mtu aliyekesha Ijumaa, akakesha Jumamosi, akaenda kanisani Jumapili kichwa kikiwa kizito, na mume ameondoka alfajiri. Hiyo siku ungefundisha nini? Jumatatu nendeni maktaba ya umma. Kadi ni bure kwa mkazi, kuna zulia, kuna kiyoyozi, kuna saa ya hadithi za watoto wadogo ambapo mtu mwingine anawasomea na wewe unakaa nyuma kama abiria. Rudini na vitabu kumi na tano. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku za meza. Ijumaa fanyeni usafi, mpike, ulale mchana kabla ya zamu. Halafu kuna Jumamosi.

Jumamosi asubuhi wewe umelala baada ya zamu, na watoto wako kwa baba yao. Mpe mwalimu huyo somo lake. Usimpe kitabu cha hesabu cha kwenye boksi, kitamkera. Yeye ana somo ambalo mimi na vyeti vyangu siliwezi. Nunua ramani kubwa ya Marekani ya karatasi, ibandike pale ilipokuwa ratiba. Kila akirudi awaonyeshe alikopita, wachore kwa kalamu. Awafundishe siri ya barabara kuu za kitaifa, zile zinazoandikwa I (Interstate): zenye namba shufwa, kama I-20 na I-30 zinazopita hapo kwenu, huenda mashariki na magharibi. Zenye namba witiri, kama I-35, huenda kusini na kaskazini. Mtoto wa miaka saba ukimwambia hivyo, mwezi mzima atakuwa anakutajia barabara zote kwenye gari, na shufwa na witiri hatazisahau mpaka anaolewa. Kutoka kwenu hadi El Paso ni kama maili 600. Mwulize, baba akienda na kurudi ni ngapi? Wakati yuko njiani, apige simu jioni aseme tu jina la mji alioegesha, watoto wautafute. Hapo hata wa miaka mitano anasoma herufi ya kwanza bila kujua kwamba anasoma.

Na lile swali lake la Ijumaa. Umelisikia kama shitaka, na huenda lina kashitaka ndani yake, simjui mumeo. Lakini fikiria mtu ambaye sheria inamruhusu kushika usukani hadi saa 11 kwa siku, anayekula peke yake kwenye kituo cha malori, ambaye mtoto wake ameanza kusoma na yeye hakuwepo. Pengine anauliza kwa sababu kweli anataka kujua. Mpe jibu lililoandikwa. Nunua daftari la kawaida, kila siku andika mistari mitatu, mmoja kwa kila mtoto, usiku ukiwa umesimama jikoni. Langu moja bado ninalo. Jumanne fulani limeandikwa: "Mkubwa kasoma kurasa nne, kakwama kwenye *though*. Wa pili kajumlisha mpaka 20 kwa vizibo, kakataa kuandika. Wa tatu kamwaga maji mara mbili, kacheka." Ijumaa akiingia, mkabidhi daftari kabla ya chakula. Akisoma hadi mwisho ndipo aangalie sinki. Daftari hilo hilo, siku mtu akiuliza kama kweli unasomesha, ndilo utakalomwonyesha.

Kwenye kusoma nitakaa kidogo, maana ndiko roho yangu iliko, na kwenye miaka hii mitano hadi saba ni nusu ya kazi yote.

Kwa malalamiko ya mama yako, naona watoto wanaongea Kiingereza tu. Wengi huku wanaamua basi tuanze na Kiingereza, Kiswahili kitakuja. Mimi nafanya kinyume, kwa sababu za kiufundi kabisa, uzalendo uweke pembeni. Kiswahili kinaandikwa kinavyosikika. Vokali ni tano na kila moja ina sauti yake moja, popote utakapoikuta. A ya "baba" ni a ya "ramani". Kwenye Kiingereza a ya *cat* si a ya *cake*, wala si a ya *father*. Mtoto anayejifunza kwamba herufi ni sauti anahitaji kwanza lugha isiyomdanganya. Akishaliamini hilo, Kiingereza atakivumilia na vituko vyake. Kwa hiyo huyu wa miaka mitano mpe dakika kumi za silabi za Kiswahili asubuhi, na dakika kumi za sauti za herufi za Kiingereza baadaye, siku ile ile. Hachanganyikiwi. Tunaochanganyikiwa ni sisi.

Chukua boksi tupu la nafaka za asubuhi, likate vipande vya ukubwa wa kiberiti. Andika kwa kalamu nene: ma, ka, ta, la. Kila silabi vipande viwili. Anza na hizo nne tu, usimwage ba be bi bo bu yote kama tulivyomwagiwa sisi. Weka ma mbili pamoja, asome: mama. Macho yatamtoka. Mwulize, nikiweka la mbili? Lala. Sasa mwachie vipande aunde mwenyewe: kata, taka, kaka, kama. Mwenye miaka saba naye atasogea, kwa wivu, na mwache asogee. Tahadhari moja tu. Mwanangu wa pili alikaa kimya na vipande vyake kwa muda, ulimi nje, halafu akasoma kwa sauti kubwa mbele ya baba yake na wageni wawili wa kutoka Dallas: "ta-la-ka!" Baba yake akaweka kijiko chini. Mtoto alikuwa na fahari isiyo kifani, neno lake la kwanza la silabi tatu. Tulimpongeza, tungefanyaje?

Saa pia ni somo ambalo Mswahili wa ughaibuni anapewa bure. Tafuta saa ya ukutani yenye mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, mwalimu wa Kiingereza atasema ni saa yao ya tisa. Mwambie mtoto atazame namba inayotazamana nayo upande wa pili: 3. Kwa bibi ni saa tatu. Mshale kwenye 7, ng'ambo yake kuna 1, saa moja. Kwenye 12, kuna 6. Haikosei hata mara moja, na watoto wanaona kama umewafunulia mlango wa siri.

Na bibi mwenyewe tusimwache akilalamika bure. Mpe ajira. Kipindi cha majira ya joto Morogoro imewatangulia saa nane, baridi saa tisa. Ukimpigia saa tatu asubuhi ya kwenu, yeye ni saa kumi na moja jioni au kumi na mbili, keshamaliza kazi za mchana, amekaa barazani. Jumanne na Alhamisi, dakika 15, somo la Kiswahili ni lake. Usimwambie "wafundishe Kiswahili", ataanza kuwahoji watoto na watoto watakimbia. Mwambie awatolee vitendawili viwili na hadithi moja. Wewe kabla ya simu wafundishe wajibu mambo matatu tu: "shikamoo bibi", "tega", na "hadithi njoo". Siku ya kwanza atakaposema "Kitendawili!" na sauti mbili zikaruka pamoja "Tega!", utasikia kimya upande wa pili, kwa sababu anafuta machozi kwa upindo wa khanga. Halafu atasema nyumba yangu haina mlango, na mwanao wa miaka mitano atakaa siku mbili akifikiria yai. Kama hakulipata na bibi akadai mji, mpeni mji. Wangu walishamaliza mikoa yote ya Tanzania wakaanza kugawa majimbo ya Marekani.

Kuhusu kazi za nyumba nina msimamo wangu, na kuna watakaonipinga. Utasikia kwamba kila kitu ni somo, kwamba ukikanda unga fundisha sehemu, ukifua fundisha sayansi. Nilijaribu. Nilikuwa nasimama na chapati mkononi nikiuliza "hii ni robo au nusu?" huku njaa inawaua. Chapati nyingine ziliwe tu. Lakini watoto wafanye kazi, kwa sababu wanaishi humo. Wa miaka saba anaweza kukunja nguo na kufuta meza. Wa miaka mitano ni bingwa wa kuoanisha soksi na kupeleka pampasi chafu kwenye pipa. Mdogo anabeba kijiko kimoja kutoka sinki hadi droo, anarudi kuchukua kingine, na anajiona ndiye mwenye nyumba. Vyombo vya saa kumi vinachukua nusu saa badala ya dakika kumi ungeosha peke yako. Ndiyo. Mwaka kesho zitakuwa kumi.

Umeuliza kama umeshawaharibia. Kwa miezi michache? Hapana. Lakini sitakwambia kwamba kila nyumba inafaa kwa jambo hili, kwa sababu si kweli. Kuna mambo mawili ningeyaangalia ningekuwa wewe. La kwanza ni kusoma kwa binti yako. Akisomewa na kusoma kila siku kwa miezi mitatu na bado herufi zinamkimbia, anasahau leo alichokijua jana, usiongeze masaa wala viboko. Omba apimwe. Shule za umma za eneo lenu zinawajibika kumpima bila malipo mtoto mwenye dalili za tatizo la kujifunza, hata kama anasomeshwa nyumbani. Omba kwa maandishi, uweke nakala. La pili ni wewe. Ukiona unapiga kelele kila siku kwa wiki kadhaa, hata baada ya kupunguza muda na kubadili siku, au unasinzia ukiwa peke yako na mdogo, mrudishe mkubwa shule mwezi ujao na uendelee na silabi na bibi jioni. Mimi mwenyewe nilimrudisha wa pili kwa mwaka mmoja nilipokuwa mjamzito wa nne. Alirudi nyumbani mwaka uliofuata na tabia ya kuomba ruhusa kwenda chooni.

Jambo moja hukuliuliza, ila liko kati ya mistari: huna mtu mzima wa kuongea naye tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Watoto watatu na ukuta wa apatimenti. Hilo linamaliza mtu kuliko hesabu. Tafuta mama mmoja, si lazima awe Mswahili na si lazima anasomesha nyumbani, ambaye Jumatano jioni mtakutana bustani ya watoto. Wao wabembee, ninyi mkae kwenye benchi mseme mambo ya watu wazima. Fort Worth na Dallas zina vikundi vingi vya familia zinazosomesha nyumbani ambazo hukutana kila wiki, mmoja anafundisha kuchora, mwingine sayansi. Ukitembelea na usipopapenda, nenda kingine. Ila usijiunge na vitatu kwa mpigo. Utakuwa dereva kama mumeo, bila mshahara.

Barua ya shule iandike leo kabla hujaenda zamu, hiyo haisubiri. Ratiba ibandue, ramani ije mahali pake. Kesho Jumamosi amka saa unayoamka. Na kengele mpe huyo mwenye mwaka na nusu aimiliki, mpaka itakapokushinda kelele, halafu ipeleke chini ya kitanda ikakae na yale maboksi.